Taa za miaka ya 1950 zilizorudi sokoni: namna ya kutambua uhalali wake na kupima thamani yake

Mwaka 1958 Poul Henningsen, mbunifu wa Denmark, alibuni, kwa ajili ya mkahawa wa Langelinie Pavillonen mjini Copenhagen, taa ya kuning'inia yenye majani 72 ya shaba nyekundu yaliyopangwa katika safu 12, ambayo ulimwengu unaijua kwa jina la PH Artichoke, na kampuni ya Louis Poulsen ingali inaitengeneza hadi leo. Taa mbili za aina hiyo, moja iliyotoka kiwandani miaka ya 1960 na nyingine iliyotoka mwaka jana, zote ni halali, na bado bei zake hazilingani. Kando yake huenda ikakaa ya tatu, iliyokatwa katika karakana isiyo na ruhusa ya mtu yeyote, ambayo muuzaji wake anaitangaza kwa jina hilo hilo. Mnunuzi anayeuliza tu kama taa ni ya kweli atajibiwa "ndiyo" kwa zile mbili na pengine hata kwa ya tatu, kwa sababu swali lake ni pana mno. Linalofaa kuulizwa ni kama taa iliyo mbele yako ni ya fungu gani, na kama bei unayotajiwa ni bei ya fungu hilo.

Hatua ya kwanza: iweke taa katika fungu lake

Mafungu ni manne. La kwanza ni toleo la awali, yaani taa iliyotengenezwa na kiwanda cha kwanza katika miaka ambayo ubunifu wenyewe ulikuwa mpya. La pili ni toleo lisilokatika, ambalo kiwanda hakijawahi kuacha kulitengeneza tangu siku ya kwanza. La tatu ni toleo la marudio: uzalishaji ulikoma, miaka ikapita, kisha mwenye haki au aliyepewa ruhusa na warithi akaanza upya. La nne ni nakala, ambayo haina ruhusa ya yeyote, iwe imetengenezwa vizuri au vibaya.

Watu wengi huchanganya fungu la pili na la tatu, na kosa hilo lina gharama. PH 5 ya mwaka 1958, ambayo ilipewa jina hilo kwa sababu kofia yake kuu ina upana wa sentimita 50, haijawahi kutoka sokoni. Vivyo hivyo Arco ya ndugu Achille na Pier Giacomo Castiglioni, inayotengenezwa na kampuni ya Flos ya Italia tangu 1962, na taa za karatasi ziitwazo Akari, ambazo Isamu Noguchi alianza kuzibuni mwaka 1951 katika mji wa Gifu nchini Japani na ambazo karakana ya Ozeki ingali inazisuka kwa mianzi na karatasi ya maganda ya mforosadi. Taa hizi haziitwi za marudio. Kwa kuwa hazikuwahi kuadimika, umri peke yake hauzipandishi bei sana; kinachozipandisha ni kuwa za miaka ya mwanzo kabisa, zenye maelezo madogo ya kiufundi ambayo kiwanda kilikuja kuyabadilisha baadaye.

Hatua ya pili: fuata mnyororo wa haki

Toleo la marudio huwa halali kwa sababu kuna mnyororo wa ruhusa unaotoka kwa mbunifu au warithi wake hadi kwa kiwanda cha sasa, na kazi yako ni kuupitia kiungo kwa kiungo. Mfano wenye mafunzo mengi ni Bubble Lamp, taa ya mbunifu wa Marekani George Nelson, ya fremu ya waya wa chuma iliyopuliziwa plastiki nyeupe kama utando wa buibui. Ilianza kuuzwa mwaka 1952 na kampuni ya saa ya Howard Miller, ikaacha kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ikarudishwa na kampuni ya Modernica ya Los Angeles katika miaka ya 1990, na tangu 2016 inatengenezwa kwa jina la Herman Miller. Howard Miller na Herman Miller ni kampuni mbili tofauti, ingawa majina yake yametoka katika familia moja, na wapo wauzaji ambao huficha tofauti hiyo kwa makusudi au kwa kutojua. Basi Bubble Lamp yenye lebo ya Howard Miller yaweza kuwa toleo la awali. Yenye lebo ya Modernica ni toleo la marudio la kipindi cha kati. Na yenye lebo ya Herman Miller haiwezi kuwa ya miaka ya 1950, hata muuzaji akila kiapo.

Kubadilika kwa kiwanda si dalili ya ulaghai. Flowerpot ya Verner Panton, ya mwaka 1968, ilitengenezwa kwanza na Louis Poulsen na sasa iko mikononi mwa &Tradition, ilhali Panthella ya mbunifu huyo huyo, ya mwaka 1971, imebaki Louis Poulsen. Grasshopper, taa ya kusimama ya Greta Grossman ya mwaka 1947 ambayo miguu yake mitatu huifanya ionekane kama inajivuta nyuma, leo inauzwa na Gubi ya Denmark. Katika kila mfano huo kampuni mpya ina ruhusa, na tovuti yake rasmi huitaja taa kwa jina la mbunifu na mwaka wa ubunifu. Muuzaji ambaye tangazo lake linasema "mtindo wa Panton" au "imevutiwa na Grossman" ameshakwambia mwenyewe kwamba anauza nakala. Kilichobaki ni wewe kumsikia.

Kuhusu sheria, nchi hazifanani, na jambo hili huwachanganya wanaonunua kutoka ng'ambo. Katika Umoja wa Ulaya kampuni ya Flos iliishtaki kampuni ya Semeraro kwa sababu ya taa iliyoitwa Fluida, iliyoingizwa kutoka China na kufanana na Arco, na kesi hiyo ikafika katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyotoa uamuzi wake Januari 2011 na kuimarisha ulinzi wa hakimiliki kwa vitu vya aina hii. Nchini Uingereza kifungu kilichowaruhusu watengenezaji kunakili vitu vya viwandani baada ya miaka 25 kilifutwa rasmi tarehe 28 Julai 2016, na tangu hapo ulinzi unaendelea kwa maisha ya mbunifu na miaka 70 baada ya kifo chake. Marekani ni legevu zaidi: mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba vinyago vinavyotumiwa kuwa vitako vya taa vinaweza kupata hakimiliki, lakini umbo la taa lenyewe, likiwa ni chombo cha matumizi, mara nyingi halilindwi hivyo. Ndiyo maana nakala iliyouzwa huko bila tatizo inaweza kukwama forodhani ikipelekwa Milano.

Hatua ya tatu: uliza miaka miwili, si mmoja

Kila taa ina mwaka wa ubunifu na mwaka wa kutengenezwa. Niliwahi kulipia taa ya ukutani iliyotangazwa kuwa ya mwaka 1955, na nilipoifungua nyumbani nikakuta, ndani ya kikombe kinachofunika waya ukutani, kibandiko chenye picha ya pipa la taka lililopigwa msalaba. Muuzaji, ambaye simtaji, alinijibu kwa utulivu kwamba alimaanisha mwaka wa ubunifu. Hakuwa amesema uongo, na fedha zangu hazikurudi. Tangu siku hiyo huandika ujumbe wenye maswali mawili tofauti, ubunifu mwaka gani na kiwandani mwaka gani, na kudai majibu yote mawili kwa maandishi kabla ya kulipa.

Hatua ya nne: isome taa yenyewe

Pipa hilo lililopigwa msalaba ni shahidi mzuri kuliko vyeti vingi, kwa sababu alama hiyo ilianza kuwekwa kwenye vifaa vya umeme barani Ulaya mwaka 2005. Alama ya CE, inayoonyesha kwamba kifaa kinafuata kanuni za Ulaya, nayo ilianza kuenea kwenye vifaa vya umeme katikati ya miaka ya 1990. Taa yenye mojawapo ya alama hizo, ikiwa alama iko kwenye mwili wake na si kwenye plagi iliyobadilishwa baadaye, haiwezi kuwa ya miaka ya 1950. Kinyume chake hakithibitishi lolote, kwa kuwa kibandiko hubanduliwa kwa maji ya moto na kitambaa. Pitisha kidole mahali ambapo kibandiko kingekaa, utafute gundi iliyobaki au kiraka cha rangi ambacho ni kipya kuliko sehemu zinazokizunguka.

Baada ya alama, angalia skrubu na nyuzi za kufungia. Taa za awali za Marekani hupimwa kwa inchi na za Ulaya kwa milimita; Bubble Lamp inayodaiwa kuwa ya Michigan ya mwaka 1955 lakini ikafunguka kwa spana za milimita kila mahali inahitaji maelezo. Skrubu yenye kichwa cha msalaba haimaanishi kwamba taa ni mpya, kwa sababu skrubu hizo zilikuwepo tangu miaka ya 1930. Waya uliofunikwa kwa kitambaa nao hauthibitishi uzee, maana leo unauzwa kwa mita katika rangi zote, na watengeneza nakala huupenda sana.

Uchakavu ndio unaosema zaidi, kwa wanaojua kuutazama. Taa iliyotumika kwa miaka 60 huchakaa mahali inapoguswa na mahali inapopata joto: rangi huisha kwenye kifundo kinachogeuzwa, huwa ya kahawia ndani ya kofia juu ya balbu, na vumbi hujikusanya ndani ya maungio ambako kitambaa hakifiki. Bubble Lamp ya zamani hugeuka manjano, na plastiki yake hukauka ikawa rahisi kupasuka karibu na pete ya juu. Anayezeesha taa kwa hila hukwaruza kila mahali kwa usawa, na husahau ndani. Kwa hiyo anza na ndani: omba picha ya upande wa ndani wa kofia, ya chini ya kitako, na ya holda, yaani kishikio cha balbu, ikiwa balbu imetolewa. Muuzaji mwaminifu atakutumia kwa siku moja. Anayekutumia picha ileile ya mbele mara tatu amejibu pia.

Taa za Serge Mouille zinastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa ndizo zinazoigwa mno. Mouille, aliyezaliwa Paris mwaka 1922, alikuwa mfua fedha kwa mafunzo, na kofia zake za alumini, nyeusi nje na nyeupe ndani, alizipiga kwa nyundo mwenyewe katika miaka ya 1950, kabla ya kuacha utengenezaji wa taa muongo uliofuata. Alifariki 1988, na baadaye mjane wake alisimamia kurudishwa kwa taa hizo chini ya jina la Editions Serge Mouille, kwa mbinu zilezile za mikono, kila moja ikiwa na nambari na cheti chake. Nakala huundwa kwa kubonyezwa na mashine, na tofauti huonekana ukingoni mwa kofia: iliyopigwa kwa mkono ina unene unaobadilika kidogo na mwanga huteleza juu yake bila kukatika, ilhali ya mashine ina unene mmoja mzunguko mzima na mara nyingi mkunjo mkali pale kinundu cha katikati, mfano wa chuchu, kinapoanzia. Kifundo cha shaba ya manjano nacho kijaribiwe, maana taa halali ya mikono mitatu hubaki pale unapoiacha, na nakala huinama polepole kama mtu anayesinzia msikitini.

Hatua ya tano: pima na upime uzito

Viwanda vyenye haki huchapisha vipimo vya taa zake, nawe huna budi kuvilinganisha kwa futi ya fundi. Nakala hupunguza sentimita hapa na pale ili taa iingie katika katoni ndogo, na hupunguza uzito kwa sababu hiyo hiyo. Kitako cha Arco ni bonge la marumaru ya Carrara lenye uzito wa kilo 65 hivi, pembe zake zimepunguzwa ukali ili zisiumize miguu, na limetobolewa tundu ambalo ndugu Castiglioni waliliweka ili watu wawili waweze kupitisha mpini wa ufagio na kulibeba. Arco ambayo mtu mmoja anaibeba peke yake kutoka sebuleni hadi kibarazani si Arco. Kwa Akari angalia mhuri mwekundu wa jua na mwezi kwenye karatasi. Taa za karatasi zisizo na mhuri huo zinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, na kwa bei hiyo sina ugomvi nazo.

Hatua ya sita: amua ni kiasi gani cha mabadiliko utakivumilia

Toleo la marudio linaweza kuwa halali kisheria na bado likawa taa nyingine. Gino Sarfatti, mbunifu wa Italia aliyeanzisha kampuni ya Arteluce mjini Milano mwaka 1939 na kuiuzia Flos katika miaka ya 1970, alikuwa akianza kazi kwa balbu, na umbo lilifuata. Modeli yake 1063, ya mwaka 1954, ilijengwa kuuzunguka mrija wa taa ya floresenti, na Flos ilipoirudisha iliweka LED mahali pa mrija huo. Umbo ni lile lile, mchoro ni wa Sarfatti, haki zimelipwa. Lakini mwanga, ambao kwake ndio uliokuwa hoja yenyewe, umebadilika. Mimi huiita halali na huihesabu pungufu. Mwingine atasema kwamba Sarfatti, aliyekimbilia kila balbu mpya ya enzi zake, angeichukua LED kwa mikono miwili, na sina jibu zuri la kumpinga. Lililo muhimu ni kwamba ujue badiliko hilo kabla ya kununua, na ujue pia kwamba LED iliyojengwa ndani haibadilishwi kirahisi kama balbu: siku itakapokufa utahitaji kipuri cha kiwanda hicho hicho.

Modeli 2097 ya mwaka 1958, yenye nguzo ya katikati na matawi yanayobeba balbu zilizo wazi, haina shida hiyo, kwa sababu bado inatumia holda za kawaida.

Hatua ya saba: kadiria bei kwa fungu lake

Anza na bei ya dukani ya toleo linalotengenezwa sasa, kwa sababu hiyo ndiyo dari ya toleo la marudio lililotumika. Toleo la marudio likishatoka katika boksi lake hupoteza sehemu ya bei kama samani nyingine yoyote, na halianzi kupanda ila kiwanda kikiacha kulitengeneza au likiwa la idadi maalumu yenye nambari. Anayekuuzia taa ya marudio iliyotumika kwa bei inayozidi ya dukani, akisema ni akiba ya baadaye, anakuuzia hadithi. Nunua toleo la marudio kwa sababu unataka mwanga wake mezani pako, na uridhike.

Kwa toleo la awali, tazama matokeo ya minada na si matangazo, maana tangazo linaonyesha anachokitaka muuzaji ilhali mnada unaonyesha alicholipa mtu. Nyumba kama Bruun Rasmussen ya Copenhagen, Bukowskis ya Stockholm, Piasa ya Paris na Wright ya Chicago huweka kumbukumbu za mauzo yake mtandaoni. Soma maneno ya katalogi kwa makini: taa iliyoandikwa "ya" mbunifu fulani, iliyoandikwa "inadhaniwa kuwa ya" mbunifu huyo, na iliyoandikwa "kwa kufuata" mbunifu huyo ni taa tatu zenye bei tatu. Kumbuka pia kwamba juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, mnunuzi huongezewa ada ya nyumba ya mnada, ambayo mara nyingi ni robo ya bei hiyo au zaidi, kisha kodi, kisha usafirishaji.

Hali ya taa huamua yaliyobaki. Rangi ya awali yenye mikwaruzo ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa. Shaba iliyoingia giza kwa umri isisuguliwe kwa dawa, kwa kuwa giza hilo ndilo analolilipia mkusanyaji. Na kofia iliyobadilishwa hupunguza bei kuliko waya uliobadilishwa, ambao wengi huusamehe kwa sababu za usalama.

Hatua ya nane: ifanye iwe salama pale itakapowaka

Taa iliyonunuliwa Marekani ilikusudiwa umeme wa volti 120, na ikifika Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Muscat itakutana na umeme wa takribani mara mbili ya huo. Balbu iliyokuja nayo itaungua papo hapo, kwa hiyo usiiwashe hata kwa kujaribu. Mpe fundi umeme kazi tatu: asome maandishi yaliyogongwa kwenye holda kujua volti inayostahimili, abadilishe waya na swichi ikiwa volti hiyo haifikii ile ya umeme wako, na ahakikishe kwamba waya wa moto unaenda kwenye ncha ya katikati ya holda, si kwenye ganda lenye nyuzi ambalo kidole kinaweza kuligusa wakati wa kufunga balbu. Holda ya Kimarekani na ile ya skrubu ya Ulaya zinapishana kwa milimita moja tu, na balbu ya LED ya volti 220 hadi 240 ya skrubu kwa kawaida huingia. Tatizo liko kwa mwenye nyumba aliyezoea balbu za pini, ambaye hushawishika kumwambia fundi aweke holda ya pini "ili mambo yawe rahisi". Holda hiyo ikishawekwa, taa imepoteza kiungo chake cha asili kwa sababu ya balbu ya shilingi chache.

Taa ya mwili wa chuma isiyo na waya wa ethi iongezewe waya huo na plagi ya miguu mitatu. Kwa toleo jipya lenye LED ya ndani, angalia kama kibadilishi chake, yaani kifaa kinachoipatia LED umeme unaoifaa, kinakubali volti 220 hadi 240. Nyingi za Ulaya hukubali, za soko la Marekani huenda zisikubali.

Mwambie fundi asitupe chochote anachokitoa. Holda ya zamani, kipande cha waya, swichi na kila skrubu viingie kwenye bahasha iliyoandikwa tarehe na jina la taa, pamoja na risiti, majibu ya muuzaji kuhusu miaka ile miwili, na picha ulizopiga kabla ya kazi kuanza, kwa sababu atakayeinunua taa hiyo kwako ataitaka bahasha hiyo kabla ya kuuliza bei.